Mashine ya Paji la Uso Ilipokuja Kirongwe

Mjukuu wangu anasomea usingizi. Nikisema hivyo watu hucheka, na wa kwanza kucheka alikuwa wifi yangu, mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu. Nyumba yake na yangu zinatazamana, kati yetu kuna kisima tu, kwa hiyo hakuna linalonipata asilolijua. Siku niliyompa habari alikuwa anakuna nazi. Akaacha mbuzi, akanyoosha mgongo.

"Kusomea usingizi! Miaka yote hiyo Dar es Salaam! Si angekuja kwangu nimfundishe? Mimi nalala mpaka kuku wananidonoa."

"Weye unakoroma," nikamwambia. "Kukoroma hakusomewi popote."

Usingizi anaosomea mke mwenzangu huyu, ndivyo ninavyomtania mjukuu wangu, ni ule wa watu wanaopasuliwa. Mtu analazwa mezani, anachomwa dawa, hajui la mbele wala la nyuma, na anayekaa kichwani pake kumlinda asiende moja kwa moja ni huyu mtoto niliyemwogesha miye kwenye beseni. Sijasoma. Niliacha shule darasa la nne, nikaolewa, nikasuka makuti. Lakini najua kujisifu, na la kujisifia ninalo.

Mwaka huu alikuja mfunguo mosi, siku chache baada ya Idi. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya mlango wangu na sanduku jeusi amelikumbatia tumboni. Kwenye boti ya kutoka Nyamisati kuja kisiwani kwetu hakukubali liwekwe chini na mizigo mingine, alilipakata mpaka Kilindoni. Nikataka kumpokea.

"Bibi, hilo usiliguse."

"Nimekupokea weye mwenyewe ukiwa na utelezi wa tumboni kwa mama yako, leo nisiguse sanduku?"

Akacheka, lakini sanduku hakuniachia.

Asubuhi alilifungua mkekani. Mlikuwa na skrini kama televisheni ya watoto, waya, plasta mbili nene, na kijiti chenye kichwa cha duara. Plasta zinabandikwa kwenye paji la uso, kulia na kushoto, na kila moja ina kijitaa chekundu ndani. Mwanga wake unapenya ngozi na mfupa, unagusa ubongo, unarudi, na ukirudi unaandika namba. Namba ile ndiyo inayosema ubongo umepata oksijeni ya kutosha au una njaa nayo. Kijiti nacho unakipaka mafuta baridi, unakishika kwenye panja, juu kidogo ya sikio, kinasikiliza damu inavyokwenda kichwani.

Alinijaribia miye kwanza. Nikalala, nikafumba macho, na mara nikasikia shwaa, shwaa, shwaa.

"Nani anakuna nazi asubuhi yote hii?" nikauliza.

"Hakuna anayekuna nazi, Bibi. Hiyo ni damu yako inaingia kwenye ubongo."

Miaka yote hii nimetembea na kichwa hiki, nimekitwika ndoo, nimekitwika kuni, nimekisuka, nimekifunga ushungi, na humo ndani kumbe kuna kazi haisimami, hata nikiwa nimelala. Nikamwambia aongeze sauti. Akaongeza. Wifi akatokeza dirishani na upawa mkononi.

"Kuna nini humo?"

"Unasikia? Ndio ubongo wangu huo. Wako ungekuwa kimya."

Nikamuuliza mjukuu wangu, presha si inapimwa mkononi tangu zamani, hii ya paji la uso ya nini?

"Mkono unachelewa kusema kweli, Bibi. Mtu anaweza kuwa anapoteza damu, na mkono ukasema presha ni nzuri, nzuri, nzuri, mpaka ghafla anaanguka. Mwili unabana mishipa, unaficha. Tunataka kujua kama kichwa kinaweza kutuambia mapema."

Nilimwelewa kwa njia yangu. Mwili ni nyumba yenye aibu. Mgeni akija sebuleni anaandaliwa chai na kitafunwa, anaulizwa habari za safari, na huku uani watoto wamelala na njaa. Ukihesabu vikombe vya sebuleni hutajua kitu. Inabidi mtu aende jikoni akafunue chungu.

Na hilo miye nililiona kwa macho yangu, siku aliyozaliwa yeye. Mama yake, binti yangu, alijifungua salama, mtoto akalia, tukashukuru. Presha ya mkono ikapimwa, nzuri. Nesi alifanya kila alichofundishwa. Binti yangu alikuwa anazungumza, anataka uji wa pilipili manga, ananiagiza mtoto afunikwe na kanga ipi. Katikati ya maneno akakoma. Sikusikia kanga ipi. Macho yalibaki wazi na mwenyewe hayupo. Damu ilikuwa imetoka kidogo kidogo, imenywewa na kanga na godoro, hakuna aliyeona kuwa ni nyingi. Gari likapatikana, tukakimbizwa Kilindoni, na huko wifi yangu huyu huyu wa maneno akakunja mkono wa gauni akatoa damu, wakamtilia. Binti yangu akarudi. Mpaka leo yupo Kilindoni, mnene, anauza vitambaa. Na mpaka leo wifi hajanyamaza: "Binti yako ana damu yangu. Ndiyo maana siku hizi ana akili."

Kwa hiyo mjukuu wangu aliponieleza alichokuja kufanya, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mashine ile ilikuwa ya kuazimwa, ya chuo. Mwalimu wake, mama daktari mmoja wa Dar, angekuja Alhamisi kuona kama inafanya kazi huku kwetu, kwenye joto letu, kwenye umeme wetu wa kuja na kuondoka, kwenye vichwa vyetu. Akiridhika, mashine inabaki leba ya kituo chetu cha afya. Asiporidhika, inarudi sandukuni na kwenye boti, inakwenda kwa wengine. Na njia ya kuijaribu ni kuwabandika plasta watu wanaochangia damu, maana mtu anayechangia anapungukiwa kidogo, kwa hiari yake, mbele ya wataalamu, na mifuko yenyewe inakwenda kuokoa wagonjwa.

"Nahitaji watu, Bibi."

"Watu utapata," nikasema. "Watu ni kazi yangu."

Haikuwa kazi nyepesi. Jumatatu nilipofika dukani habari zilikuwa zimenitangulia: mjukuu wa fulani amerudi kutoka Dar amekuwa mumiani, ana mashine ya kumulika ubongo, akishamulika ananyonya. Aliyekuwa akisema hivyo alikuwa mama muuza maandazi, na alisema huku ananifungia maandazi yangu.

"Hebu nitazame," nikamwambia. "Nimemulikwa jana. Nimepungua wapi?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Kupungua hujapungua."

"Basi Alhamisi njoo nawe, upungue kidogo. Utafaidika."

Duka zima likacheka, na mtu akishacheka ameshaingia. Nilipita nyumba kwa nyumba. Nilisema habari za mashine mpaka koo likakauka. Wanawake wakaenda kwanza kumuuliza mwalimu wetu wa darsa, mama mtu mzima anayetufundisha dini siku za Ijumaa, na wakarudi wametulia, amewaambia hakuna neno. Walimuuliza nini hasa sikuuliza. Nilijua ni mambo ya halali na haramu, jibu lilikuwa zuri, likanitosha. Wa mwisho kukubali nilidhani atakuwa wifi. Akawa wa kwanza.

"Nitatoa," akasema. "Nimeshazoea kukilisha kizazi chako."

Alhamisi kituo cha afya kilijaa kanga. Wanawake walikuja wamejifukiza udi, wamejipaka, wamependeza kama wanakwenda kupeleka mahari. Mama daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, sauti ya chini. Akanisalimu shikamoo kwa heshima, nikamwitikia marahaba mara mbili ili kila mtu asikie. Nikakaa kwenye kiti cha kwanza, mkono nimeshaunyoosha.

Nesi akaniuliza umri. Nikamwambia. Akaniangalia kwa huruma.

"Bibi, wewe umri wa kutoa umepita."

"Nani kasema? Miye nina damu kuliko hawa wote!"

"Ndiyo Bibi, lakini utaratibu."

Wifi akapata siku yake. "Jamani njooni muone! Mwenye harusi kaambiwa hana kadi!"

Wakacheka mpaka mama muuza maandazi akashika ukuta. Mjukuu wangu akaniokoa. Akasema Bibi hatatoa damu, lakini ndiye atakayeonyesha mfano, maana hata mtu akisimama ghafla damu hushukia miguuni na kichwa hupungukiwa kidogo kwa muda. Akanilaza kitandani mbele yao wote, akanibandika. Plasta ikateleza. Akabandika tena, ikateleza. Akaninusa paji la uso.

"Bibi, umepaka mafuta ya nazi?"

"Sasa nije mbele ya wageni nimepauka?"

Akanifuta na spiriti. Ikabidi aifute Kirongwe nzima, maana hakuna paji la uso lililokuja kavu. Nikalala, ile sauti ya kukuna nazi ikajaa chumba, wanawake wakaziba midomo. Nikaambiwa nisimame. Sauti ikafifia kidogo, namba ikashuka kidogo, halafu vyote vikarudi mahali pake hata kabla sijatafuta kandambili zangu. Mama daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kichwa cha Bibi ni kizima," akasema.

Nikamtazama wifi. Nilimtazama tu.

Ndipo akapanda yeye. Mjukuu wangu akamuuliza kama alivyofundishwa.

"Bibi mdogo, umekula?"

"Alhamdulillahi, riziki haijawahi kukosekana."

"Maji umekunywa?"

"Mwanangu, kisima kiko mlangoni."

Akaandika. Sindano ikaingia, mfuko ukaanza kujaa, na wifi anapiga soga, anamsimulia nesi harusi aliyotoka Chole. Presha ya mkono ikapimwa, nzuri. Ikapimwa tena, nzuri. Lakini namba ya paji la uso ilikuwa inateremka. Haikuanguka, iliteremka, kama mtu anayeshuka ngazi huku anaangalia pembeni. Shwaa ya kwenye panja ikawa nyembamba. Mjukuu wangu akakunja uso.

"Tusimamishe," akasema.

"Usimamishe nini?" wifi akasema. "Mimi mzima. Nilikuwa nakwambia, bwana harusi mwenyewe…"

Neno likamkatikia. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Sindano ilikuwa imeshatolewa, na miguu yake mjukuu wangu ameishika juu kabla presha ya mkono haijasema lolote. Ilipopimwa tena ndipo nayo ikakubali kuwa imeshuka. Wifi akafumbua macho.

"Nani kanishika miguu?"

"Mimi, Bibi mdogo."

"Shusha. Soksi zina tundu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini lile neno lililokatika nililijua tangu siku ile ya binti yangu.

Wifi akahamishiwa kitanda cha pembeni, akapanda wa pili, mama muuza maandazi. Umekula? Namshukuru Mungu. Mfuko haujafika nusu, namba hiyo, inashuka. Wakasimamisha, wakamnyanyua miguu. Wa tatu, mke wa mkwezi, binti mwenye nguvu za kubeba gunia: hivyo hivyo. Na joto lilikuwa linazidi, umeme ukakatika, mashine ikaendelea na betri yake.

Mama daktari akavua miwani akaifuta.

"Haiwezekani wote," akamwambia mjukuu wangu, taratibu, si kwa ubaya. "Damu inayotoka ni kidogo. Kwa watu wazima wenye afya kichwa hakitakiwi kushuka hivi. Labda ni yale mafuta. Labda joto. Labda mashine yenyewe imetikisika safarini. Siwezi kuiacha kwenye leba mashine inayomwambia nesi kila mama anakufa."

Akaanza kukunja waya mmoja.

Mdomo wa chini wa mjukuu wangu ulijikunja vile ulivyokuwa unajikunja alipokuwa mdogo akinyimwa kitu, na miye niliyekuwa namjua vile nikasimama, nikakaa tena. Ningesema nini? Ningemwambia mama daktari mashine ni nzima, kwa elimu ipi? Nilichokuwa najua ni kwamba ikiondoka, leba yetu inabaki na ule mkono wenye aibu.

Mjukuu wangu akatoka kwenda barazani kumchukulia wifi soda. Pale walikuwa wamewekewa waliokwisha kutoa: soda na pakiti za biskuti. Hakurudi upesi. Nikamwona kupitia mlangoni amesimama, anaangalia meza. Soda zote zilikuwa na vizibo vyake. Mama muuza maandazi alikuwa amekaa karibu nazo, biskuti zake amezifunga kwenye pembe ya kanga, fundo zuri. Mke wa mkwezi naye ana fundo lake.

Mjukuu wangu akarudi ndani. Akasimama mbele ya kitanda cha wifi, na hakuuliza tena kama amekula.

"Bibi mdogo, leo ni sita ya ngapi?"

"Ya nne," wifi akajibu papo hapo.

"Mama, na wewe?"

"Ya tatu," akasema mama muuza maandazi kutoka barazani.

"Ya tano mie," akasema mke wa mkwezi.

Na kwenye benchi la wanaosubiri, mmoja baada ya mwingine: ya nne, ya pili, ya nne. Wamefunga wote! Tupo mfunguo mosi, watu wanakamilisha zile siku sita baada ya Ramadhani, na Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Miye sita zangu nilizimaliza mapema, nilianza tu Idi ilipopita, na mtu aliyeshiba hakumbuki. Kule kwa mwalimu wa darsa walikwenda kuuliza kama kutoa damu kunafunguza. Akawaambia ni kama kuumikwa chuku, ile pembe ya kunyonyea damu mbovu, hakufunguzi. Basi wakaja na midomo mikavu, hawajala wala kunywa tangu daku.

Mama daktari alikuwa ameshika waya hewani. "Lakini waliulizwa! Kila mmoja aliulizwa kama amekula!"

"Wameulizwa wamekula," wifi akasema kutoka kitandani, "na hakuna aliyesema amekula. Tumeshukuru Mungu tu. Mtu hatangazi ibada yake ya sunna, mama. Mwanangu, ungeuliza hivyo tangu asubuhi ungejibiwa."

"Na mimi nimezaliwa hapa hapa," mjukuu wangu akasema. Alijishika kichwa, halafu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya kituo, na koti lake jeupe. Mama daktari akajizuia, akajizuia, akashindwa.

Walipotulia wakarudisha kumbukumbu za mashine kwenye skrini, vichwa vyao vimegusana. Nikasogea nami, ingawa sikujua ninachoangalia. Mjukuu wangu akaonyesha kwa kidole: mtu hana maji mwilini, anatolewa damu, na hapa kichwa kinashuka, na mkono bado unasema nzuri, na hapa, mbele kabisa, ndipo mkono unashuka. Kwa wote watatu.

"Haikukosea," akasema.

"Haikukosea," mama daktari akakubali. "Lakini nimeona upande mmoja tu. Nataka kuona mtu aliyekula na kunywa, nione kwamba kwake inatulia. Nani hapa amekula?"

Wanawake wote wakageuka wakanitazama miye, ambaye damu yangu haitakiwi.

"Na kesho alfajiri naondoka," akaongeza.

Kwanza lakini palikuwa na wifi. Yeye alikuwa bado kitandani, plasta amerudishiwa pajini, namba imepanda kidogo baada ya kulala, haijafika ilipokuwa. Mjukuu wangu akamwambia lazima anywe.

"Sinywi. Magharibi si mbali."

"Bibi mdogo, adhuhuri haijaadhiniwa."

"Nitalala mpaka magharibi. Si unasomea usingizi? Nilinde."

Nikamwendea. "Wee mwanamke! Kunywa!"

"Wewe huna sauti hapa, huna hata kadi."

Mwalimu wetu wa darsa alikuwepo, naye amekuja kutoa. Akasema kwa upole kwamba funga ya sunna mtu akiifungua kwa haja hana dhambi, mwezi bado mrefu, ataifunga siku nyingine. Wifi akatazama dari. Alikuwa anampenda Mungu wake na alikuwa mbishi, na vitu viwili hivyo kwake huwezi kuvitenganisha. Mwisho akamtazama mjukuu wangu, aliyekuwa amesimama na ile sura ya kusubiri.

"Nikinywa, mashine yako itasema nimekunywa?"

"Itasema, Bibi mdogo. Si mara moja, lakini itasema."

"Basi leteni dafu. Soda hiyo inanipa gesi."

Madafu yalikuwa kwangu, yameanguliwa jana. Sikumtuma mtu, nilikwenda mwenyewe, na nikarudi nayo na toroli la jirani, juu yake sufuria la mihogo ya nazi niliyopika asubuhi, na mikate ya kumimina. Wifi akasema bismillahi, akanywa dafu zima bila kupumua, akalala. Tukakaa tunaitazama skrini kama watu wanaotazama mpira. Mwanzo hakuna kitu. Halafu namba ikapanda moja. Ikasimama. Ikapanda nyingine. Mjukuu wangu akaweka kijiti kwenye panja, na ile shwaa iliyokuwa nyembamba ikaanza kunenepa.

"Anakuna nazi mbili sasa," nikasema.

"Za kwako hazina tui," akanijibu, macho yamefumbwa. Nikajua amerudi.

Kwenye benchi, mwalimu wa darsa ndiye aliyenyanyuka. Hakuhubiri. Alifungua soda, akanywa, akachukua kipande cha mkate wa kumimina. Wengine wakamtazama, kisha mikono ikaanza kuingia kwenye sufuria langu. Wakala barazani kwa vicheko, katikati ya mchana wa funga, wanaoneana haya kama wasichana walioiba maembe. "Usinitazame, nitazame pembeni." "Wewe umechukua muhogo mkubwa kwa sunna ndogo." Wakanywa madafu. Mama daktari naye akala, na akaomba nyongeza, nami nikampa ya chini ya sufuria, yenye tui zito.

Walipopumzika vya kutosha wakapanda mmoja mmoja. Alianza mwalimu wa darsa. Mfuko ukajaa, namba ikacheza kidogo ikatulia. Akafuata wa pili: ikatulia. Wa tatu alicheka njia nzima na bado ikatulia. Umeme ukarudi, feni ikaanza kuzunguka. Mjukuu wangu alikuwa anaandika, anaangalia, anaandika, mpaka wa mwisho alipoteremka kitandani, akamrudishia wifi plasta aone amefikia wapi.

Mama daktari akafunga kalamu.

"Mfundishe nesi kuitumia kabla hujarudi chuo," akamwambia. "Na yale maswali, yaandike upya kwa huku. Inabaki."

Hakupaza sauti, kwa hiyo nusu ya watu hawakusikia, na nusu iliyosikia ikawaambia wengine. Nikafungua kinywa nipige kigelegele, nikawahiwa. Aliyepiga ni wifi, kutoka kitandani, chali, miguu juu ya mto. Kigelegele kirefu, cha harusi, kikatoka mpaka barabarani. Skrini ikapiga kelele.

"Bibi mdogo, acha! Unaharibu namba!" mjukuu wangu akamwambia, anacheka, uso wote umelowa.

Wifi akavuta pumzi akapiga cha pili. Safari hii barazani wote wakampokea, na nesi aliyetakiwa kutunyamazisha alikuwa katikati yao.